Bahasha ya Mgeni: Je, Bakshishi Itozwe Kodi?

Hoja iliyo mezani ni hii: bakshishi anayopewa mfanyakazi na mgeni ni pato kama mapato mengine, kwa hiyo itozwe kodi. Tumeipeleka hoja hiyo Kilimanjaro, kwa sababu huko bakshishi imebeba riziki za watu wengi. Mgeni mmoja anayepanda mlima huhitaji wapagazi watatu au wanne, mbali na kiongozi, msaidizi wake na mpishi. Safari nyingi huchukua siku sita hadi nane. Siku ya mwisho timu nzima hukusanyika, nyimbo huimbwa, na mwakilishi wa wageni hukabidhi bahasha yenye dola. Kampuni nyingi huwashauri wageni mapema, kwa maandishi, watenge dola 6 hadi 10 kwa siku kwa kila mpagazi. Ujira wenyewe, kwa makubaliano ya wadau wa mlima, ni shilingi 20,000 kwa siku. Kwa maneno mengine, bahasha ya siku ya mwisho inaweza kulingana na ujira wa safari nzima.

Wazungumzaji ni wanne: mpagazi, mhasibu wa kodi, mwenye kampuni ya utalii, na mama anayepika katika hoteli ya mjini Moshi. Sauti zao nimezitunga mimi, mwendeshaji, ili kila upande useme kwa nguvu zake zote. Sheria na viwango wanavyovitaja ni vya kweli. Mwishoni nitasema ninasimama wapi.

Zawadi au malipo ya kazi?

MPAGAZI: Nianze mimi, maana mzigo uko kichwani mwangu. Mzigo unapimwa getini, kilo 20, na ukizidi unapunguzwa. Mgeni anatembea na kibegi cha maji na koti la mvua. Mimi namwacha nyuma, kwa sababu akifika kambini anatakiwa akute hema limesimama na maji ya kunawa ni ya moto. Usiku naamka kwenye barafu kuchota maji mengine. Yeye anayaona hayo yote. Akishuka salama anaingiza mkono mfukoni mwake na kutoa pesa ambayo huko kwao imeshakatwa kodi. Hakuna mkataba uliomlazimisha. Wapo wanaotuachia sweta, tochi, hata viatu. Je, watoza kodi wa TRA watakuja kudai kiatu kimoja? Shukrani ya mtu iachwe ilivyo.

MHASIBU: Kaka, sweta na viatu tuviweke kando, tuzungumze bahasha. Ukiitwa kwenye safari, swali lako la kwanza ni wageni wangapi, la pili ni siku ngapi. Kabla hujaondoka nyumbani umeshapiga hesabu ya bahasha, na pengine umeshamwahidi mwenye duka utamlipa deni ukishuka. Kampuni nayo imeshamtajia mgeni kiwango. Mgeni amekuja na pesa hiyo akiwa ameitenga. Jambo ambalo pande tatu zinalitarajia, lenye kiwango, na linalotolewa kwa sababu ya kazi, siwezi kuliita zawadi. Ni malipo ya kazi yanayopita mlango mwingine. Mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia. Atajisikiaje akisikia kwamba pato la mwenzake haliguswi kwa sababu tu limetoka mkononi mwa mgeni?

MPAGAZI: Dada, huyo mwalimu ana mshahara mwezi wa nne. Mimi mwezi wa nne nina mvua.

MPISHI: Mimi naona kila mmoja ana ukweli wake, lakini mnasahau watu kama mimi. Hotelini kwetu mgeni akila samaki akamsifu, anayemwachia pesa ni mhudumu aliyeleta sahani. Simlaumu mhudumu, naye anasimama kutwa. Lakini samaki nimempika mimi, na jikoni mgeni haingii. Pato langu lote linapita benki na linakatwa. Mkisema bakshishi isamehewe kodi, maana yake watu wawili wa hoteli moja, wenye pato sawa mwisho wa mwezi, mmoja atalipa na mwingine hatalipa, kwa sababu mmoja anaonekana na mgeni na mwingine yuko nyuma ya ukuta. Hiyo haki iko wapi?

MWENYE KAMPUNI: Mama, unavyosema ni kweli, lakini dawa yake isiwe kumkata na yule mwingine. Mimi nawauliza swali la serikali: imekosa nini kwa huyu mgeni? Anayepanda kwa njia ya Machame siku saba analipa dola 70 kila siku za hifadhi, dola 50 kila usiku za kambi, na dola 20 za uokoaji. Hiyo ni zaidi ya dola 800, kisha juu yake VAT ya asilimia 18. Halafu kuna kodi yangu ya kampuni, leseni, na makato ya wafanyakazi. Mgeni amekamuliwa tangu getini. Kiasi kilichobaki ambacho ameamua kumpa kijana kwa moyo wake, nacho tukifuate?

MHASIBU: Mzee wangu, hizo ni kodi na tozo za mgeni na za kampuni. Hoja yetu ni pato la mfanyakazi. Kwa kuwa mteja wa duka amelipa VAT kwenye sukari, muuza duka hasamehewi kodi ya faida yake.

Hesabu ya msimu

MWENDESHAJI: Mpagazi ametaja mvua ya mwezi wa nne. Tulitazame hilo, kwa sababu kodi hukaa ndani ya tarakimu.

MHASIBU: Hapo kaka amegusa penyewe, na mimi namuunga mkono. Kodi ya mshahara nchini inaanza pato likizidi shilingi 270,000 kwa mwezi. Kutoka hapo hadi 520,000 unalipa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, na inaendelea kupanda. Tuchukue mpagazi anayepata safari mbili za siku saba kwa mwezi, katika miezi sita ya msimu: kiangazi cha Januari na Februari, na miezi minne ya kati ya mwaka. Ujira wake kwa siku 14 ni 280,000. Tuseme bakshishi yake ni 18,000 kwa siku, yaani 252,000. Jumla 532,000. Tukiacha makato ya mifuko, ujira peke yake ungetozwa shilingi 800. Ukiunganisha na bakshishi, anatozwa 22,400 kwa mwezi. Kwa miezi sita, 134,400.

MPAGAZI: Hiyo ni ada ya mtoto.

MHASIBU: Nisikilize, sijamaliza. Mtu huyohuyo tumhesabu kwa mwaka. Amepata 532,000 mara sita, sawa na 3,192,000. Kiwango cha kuanza kutozwa kwa mwaka ni 3,240,000, yaani 270,000 mara miezi 12. Hajakifikia. Kodi anayostahili kulipa ni sifuri. Mwezi ukiwa ndio kipimo anadaiwa 134,400. Mwaka ukiwa ndio kipimo hadaiwi kitu. Pato halijabadilika hata senti. Kwa hiyo ninapotetea kodi ya bakshishi, sitetei kumkata kijana Julai kwa pesa anayoiweka imvushe hadi Mei.

MPISHI: Basi kama mpagazi hatalipa, tunagombana kwa ajili ya nani?

MHASIBU: Kwa ajili ya wanaopata zaidi. Kiongozi mkuu wa kampuni kubwa hupewa bakshishi mara mbili au tatu ya mpagazi. Akifikisha milioni sita kwa mwaka, ujira na bakshishi pamoja, anadaiwa 220,800. Mhasibu wa pato kama hilo analipa. Fundi aliyesajiliwa analipa. Sioni sababu ya kumruka huyu.

MWENYE KAMPUNI: Sababu ni moja: nani atakusanya? Bahasha siishiki mimi. Inatoka kwa mgeni inakwenda kwa kiongozi, huko huko juu, kwa dola, bila risiti. Mkinilazimisha niiandike kwenye orodha ya mishahara, nitakuwa nakata kodi ya pesa ambayo haikupita kwangu. Na nitakuwa mjinga peke yangu. Kuna kampuni za mfukoni hapa mjini, hazina ofisi, hazina orodha ya mishahara, ujira wenyewe hazilipi kikamilifu. Hizo hazitaandika chochote. Viongozi wangu wazuri watanikimbia waende huko ambako hawakatwi.

MPAGAZI: Bosi, na wewe sema yote. Baadhi ya kampuni zenye ofisi na bendera getini zinatuambia ujira ni mdogo "lakini wageni hawa wana tipu nzuri". Bahasha ya mgeni imekuwa kisingizio cha mwajiri.

Marekani imefanya nini?

MWENYE KAMPUNI: Mbona Wamarekani wameshaliona hili? Mwaka 2024 Donald Trump alisimama Las Vegas akaahidi kuondoa kodi ya bakshishi. Miezi miwili baadaye Kamala Harris, mpinzani wake, akasimama mji huohuo akaahidi jambo hilohilo. Tarehe 4 Julai 2025 ikawa sheria. Kama nchi inayokusanya kodi kwa ukali namna ile imemwachia mhudumu bakshishi yake, sisi tunakwenda kinyume kwa nini?

MHASIBU: Tuisome sheria yenyewe. Inamruhusu mfanyakazi kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi katika pato linalotozwa kodi ya serikali kuu, kuanzia mwaka 2025 hadi 2028. Makato ya hifadhi ya jamii yanaendelea. Mhudumu ambaye pato lake ni dogo kiasi kwamba hakuwa anadaiwa kodi hiyo, hakupata chochote. Anayefaidi ni yule aliyekuwa na kodi ya kutosha kupunguziwa. Na kama mama alivyosema, mpishi wa mgahawa huohuo asiyepata fungu la bakshishi hakuguswa na msamaha.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi imfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Hiyo 2.13 haijapanda tangu 1991. Majimbo kadhaa, California likiwamo, yamekataa utaratibu huo, lakini mengi yameufuata. Yaani sehemu kubwa ya kima cha chini inalipwa na mteja, na mwajiri anabaki na kipande kidogo. Ukisamehe kodi ya bakshishi juu ya mpango wa namna hiyo, unamwambia mwajiri: endelea, pandisha bakshishi, shusha mshahara, serikali itakusaidia.

MPAGAZI: Hapo dada nimekuelewa. Maana na huku ndiko tunakoelekea. Ujira unasimama, tipu inasifiwa.

MWENYE KAMPUNI: Sitaki kuonekana natetea hilo. Kampuni inayolipa ujira kamili ina gharama kubwa kuliko isiyolipa, na wageni wanatazama bei tu. Sheria itulinde na sisi tunaolipa.

Bahasha inapita mikono mingapi?

MWENDESHAJI: Mpagazi, umetetea bahasha kwa nguvu. Hebu tueleze, ikishatolewa inakufikiaje?

MPAGAZI: Hapo ndipo penye kidonda. Kwenye safari nzuri, mgeni anataja mbele ya wote: kiongozi mkuu kiasi hiki, msaidizi hiki, mpishi hiki, kila mpagazi hiki. Karatasi inasainiwa, kila mtu anapewa chake. Kwenye safari mbaya mgeni anaambiwa ampe kiongozi bahasha nzima, "tutagawana wenyewe". Tunapiga makofi, tunaimba, hatujui ndani mna nini. Unakuja kugawiwa kwenye gari au jioni mjini. Unaambiwa wageni walikuwa wabahili. Ukiuliza sana, msimu ujao jina lako halimo. Kuna mwingine anakupa dola iliyochanika au noti ya zamani. Duka la kubadilisha fedha wanaikataa, unabaki nayo kama picha. Na katika kundi la wapagazi 15 mnaweza kuwekewa majina mawili ya watu ambao hawakupanda, fungu lao linaliwa.

MPISHI: Mwanangu, sasa unataka TRA wasiiguse pesa ambayo wenzako wanaigusa kila siku?

MPAGAZI: Nataka ilindwe kwanza. Serikali ikitaka kujua bahasha ilikuwa na kiasi gani kwa sababu ya kodi, ijue pia kwa sababu yangu. Nisitozwe kwa hesabu ya karatasi huku mfukoni nimepata nusu.

MHASIBU: Na mimi ninakubali sharti hilo. Wapo waliolitangulia. England, Scotland na Wales zina sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2024: mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila kukata chochote cha kwake, aigawe kwa haki, awe na utaratibu wa ugawaji ulioandikwa, atunze kumbukumbu. Kodi ya mapato bado inalipwa huko. Lakini mfanyakazi ana haki ya kuuliza, na ana pa kushtaki. Hapa kwetu mradi wa KPAP, unaotetea wapagazi wa Kilimanjaro tangu 2003, umekuwa ukizitaka kampuni washirika zitangaze bakshishi kwa uwazi, na una wapagazi wanaouletea taarifa kutoka ndani ya safari. Inawezekana. Kinachokosekana ni nguvu ya sheria kwa kampuni zote.

MWENYE KAMPUNI: Karatasi ya bakshishi naikubali. Wageni wangu wenyewe huuliza kama pesa imefika. Ila karatasi hiyohiyo ikitumika kunidai mimi kodi ya watu wengine, itapotea siku ya kwanza.

MHASIBU: Kwa hiyo isiwe mzigo wako. Kampuni iandike na kuripoti tu. Hesabu ya kodi ifanywe kwa mtu mwenyewe, mwisho wa mwaka, kwa namba yake ya mlipakodi. Na kuna faida ambayo kaka hajaitaja. Akianguka kambi ya Barafu akavunjika mguu, fidia kwa mfanyakazi hukokotolewa kutokana na pato lake lililoandikwa. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hivyohivyo: mchango unafuata mshahara unaoonekana. Benki nayo ukienda kuomba mkopo inauliza pato. Nusu ya maisha ya mpagazi haimo katika karatasi yoyote, na akizeeka au akiumia, nusu hiyo inahesabiwa kuwa haikuwapo.

MPAGAZI: Maandishi yakileta NSSF na fidia pamoja na TRA, tuzungumze. Yakileta TRA peke yake, mtatukuta tumebadili njia.

MPISHI: Na jikoni msitusahau. Karatasi ya hotelini iwe na jina la aliyepika na aliyeosha vyombo.

Ninaposimama

Nimewapa wote nafasi, sasa niseme langu. Bakshishi ya Kilimanjaro ni pato la kazi, na mhasibu ameshinda katika hilo. Sioni namna ya kumtazama mama wa jikoni machoni na kumwambia kwamba shilingi yake inakatwa na ya mhudumu haikatwi. Njia ya Marekani ya kusamehe bakshishi kwa sababu tu inaitwa bakshishi inamsaidia zaidi mwenye nafuu, inamruka asiyeonekana, na inamfungulia mwajiri mlango wa kulipa kidogo.

Lakini mpagazi ameshinda katika jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni mpangilio. Serikali inayotaka fungu lake katika bahasha inapaswa kwanza kuwa mlinzi wa bahasha. Leo mgeni anaweza kutoa pesa akidhani imemfikia aliyembebea begi, na ikaishia njiani bila mtu kuulizwa. Kuitoza kodi pesa ya namna hiyo kungekuwa kumkata aliyeibiwa na kumwacha aliyeiba.

Kwa hiyo ninaunga mkono hoja kwa masharti matatu, na kwa mfuatano huu. La kwanza, ujira ulipwe kamili na bakshishi isihesabiwe kamwe kuwa sehemu yake. Kampuni inayomwambia kijana kwamba tipu itafidia ipoteze leseni. La pili, sheria itamke kwamba bakshishi ni mali ya waliofanya kazi, kiasi kitangazwe mbele ya timu nzima, kila mmoja asaini alichopokea, na jina lisilopanda mlima lisiwemo. Kumbukumbu hiyo itambuliwe na NSSF na mfuko wa fidia. La tatu, hayo yakishafanya kazi, kodi ihesabiwe kwa pato la mwaka mzima na kwa kiwango kilekile cha Watanzania wengine. Kwa mfano wetu wa safari mbili kwa mwezi katika miezi sita, mpagazi hatalipa kitu. Kiongozi wa milioni sita atalipa, kama wanavyolipa wenye pato kama lake.

Najua jibu litakalotolewa: masharti haya yanachukua muda, na kodi inatakiwa sasa. Ni haki kuuchukua muda huo. Mzani wa kilo getini haukuwekwa kwa siku moja. Leo mizigo hupimwa hapo. Karatasi ya bakshishi inaweza kusimama palepale.

Mbunge atakayesimama kuomba bakshishi itozwe kodi bila kuomba kwanza ilindwe, atakuwa anamtoza mpagazi pesa ambayo huenda hakuipata. Atakayeomba isamehewe daima bila kugusa ujira, atakuwa amempa mwajiri sababu ya kuendelea kulipa kidogo. Hoja hii ipite ikiwa na masharti yake yote matatu. Ikikosa hata moja, irudishwe kwenye kamati.